Mshale Juu ya Paa la Stesheni

Kinyozi alijifanya amelala, lakini masikio yalikuwa wazi. Kwenye kiti cha mbele yake ndani ya treni, mwanamke fundi wa kuchomelea alikuwa amepakata kopo la rangi nyeupe, akimsimulia mzee asiyemjua jinsi ndege aliyoiunda mwenyewe ilivyoburuza mkia kwenye mashindano ya mbio za ndege ya mwaka jana.

"Nilikuwa naifuata reli kutoka juu, baba. Kwenye njia panda nikashika ya kushoto. Wenzangu wanapewa vikombe, mimi natua mji mwingine kabisa!"

"Mwanangu, si uachane nayo tu?"

Kinyozi, ambaye hata ngazi humtia kizunguzungu, alimuunga mkono mzee kimoyomoyo.

"Niache? Mkuu wa stesheni ya njia panda ameshanikubalia. Leo nachora mshale juu ya paa lake, unaoelekea kulia."

"Lakini wapinzani wako nao watauona!"

"Wauone tu. Nikishindwa, nishindwe na rubani, si na reli."

"Huo ni wema wa kijinga!"

Treni ikasimama kwenye stesheni ya njia panda, mzee bado anabisha. Mwanamke alikuwa ameshashuka na kopo lake. Kinyozi alifumbua macho, akaokota brashi ya rangi aliyoisahau mwanamke kitini, akamrushia dirishani.