Dogo, Mwanagenzi wa Miaka Thelathini na Mitatu

Kwa huzuni isiyo na kifani, ukoo pamoja na karakana ya ushonaji wanatangaza kifo cha kijana chipukizi katika fani ya suti, aliyetutoka ndiyo kwanza anajifunza. Alikuwa na miaka hamsini na minne.

Marehemu, ambaye sote tulimwita Dogo, alizaliwa tarehe 12 Machi 1969, kitinda mimba wa muuza mkaa na mkunga. Alisoma hadi darasa la saba. Mwalimu mkuu hakumkumbuka kwa hesabu bali kwa kiraka alichotiliwa na Dogo nyuma ya suruali, ambacho hakuna mwanafunzi aliyeweza kukiona, na walijaribu.

Mwaka 1990 baba yake alimpeleka kwa Mzee Mkasi, fundi wa makoti. Walikubaliana miaka mitatu ya chai na nauli, kisha Dogo ashone koti peke yake. Likikubalika, aitwe fundi.

Koti la kwanza Mzee Mkasi aliligeuza, akalivuta bega, akaguna. "Bado hujaiva, Dogo. Kola inalia." Wiki ile ile likatundikwa dirishani, akalinunua meneja wa benki, akaagiza jingine kama hilo hilo. Ikawa ndiyo desturi: kila mwaka Dogo alishona koti la mtihani, kila mwaka alianguka, na kila mwaka koti liliuzwa kwa bei ya fundi. Mtoto wa Mzee Mkasi, aliyefundishwa na Dogo, alifaulu baada ya miezi minane.

Wenye maduka walipouliza siri ya faida yake, Mzee Mkasi hakuwa mchoyo. "Chukueni wanagenzi. Fundi ukimuudhi, anahama. Mwanagenzi ukimuudhi, anakuomba radhi."

Mwaka 1998 Dogo alimwoa mpishi wa shule, akimwahidi kwamba mwakani wangefungua duka lao. Kibao cha duka kilichorwa kabla ya kitanda kununuliwa. Kila baada ya mtihani mkewe alimpokea mlangoni.

"Umeanguka?"

"Nimeanguka."

"Na koti?"

"Limeuzwa."

"Sasa baba, hapo aliyeanguka ni nani?"

"Mama watoto, mvumilivu hula mbivu."

"Mbivu anakula mwenye shamba. Wewe unapewa maganda ukaangalie kama yameiva."

Vumbi la vitambaa lilimshika kifua mwaka jana. Alilazwa tarehe 3 Juni, akafariki Alhamisi tarehe 8 Juni 2023, alfajiri.

Ameacha mjane, mabinti wawili, dada yake mkubwa anayewasomea maneno haya, na suti kumi na moja za harusi ambazo hazijatiwa mikono. Mola amlaze mahali pasipo na mtihani wa kurudia.

Mzee Mkasi ameomba itajwe kwamba marehemu alihitimu. Haya, tunataja. Jumatano jioni, wateja walipomzidi nguvu, alikuja wodini na tepu yake shingoni, akasimama mbele ya wagonjwa na manesi, akakohoa kidogo.

"Kuanzia leo, Dogo, mbele ya mashahidi hawa, wewe ni fundi kamili. Jumatatu nakusubiri."

Marehemu alisogeza barakoa ya oksijeni pembeni.

"Kama ni hivyo, naacha kazi."