Dk. Khole Humaidi, Aliyetaka Mwanafunzi Asikilizwe Kwanza

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Dk. Khole Humaidi wa Idara ya Lugha anastaafu baada ya miaka thelathini na mitatu ya kufundisha. Alianza wakati Chuo Kikuu cha Kazeh kikiwa bado chuo cha ualimu, chenye madarasa ya bati yaliyomeza sauti ya mwalimu kila mvua iliponyesha. Waliokuwepo wanasema hakuwahi kuahirisha kipindi kwa sababu ya mvua. Alipaza sauti tu, na mvua ndiyo iliyochoka.

Ni mzaliwa wa Tabora mjini, binti wa duka la vitambaa, na kwao biashara imerithishwa tangu kwa babu wa babu. Sisi tunaopenda kumtania tunasema duka lilipoteza muuzaji asiyekubali kupunguza bei. Yeye alifuata maneno. Somo lake la kuenea kwa Kiswahili katika njia ya zamani ya misafara lilifundishwa kwa miguu. Wanafunzi walimfuata hadi Kwihara, nje ya mji, vumbi magotini, na ole wake aliyekuja na viatu vya harusi.

Mahakama nazo zilimjua, kwa sababu alichunguza lugha katika ushahidi: barua hii ya vitisho kaandika nani, ujumbe huu wa simu umetoka kwa nani. Safari moja alitakiwa kujibu ndiyo au hapana kuhusu ujumbe aliodaiwa kuuandika kijana fulani. Alisema maandishi yanafanana na ya kijana huyo, ila hawezi kuapa kwamba ni yake. Wakili aliyemwita alinuna, na nasikia amenuna mpaka leo. Kila wakikutana sokoni, Dk. Khole humsalimia yeye kwanza, kwa makusudi.

Akili unde ilipotufikia, ilitukuta kama mvua inavyomkuta aliyeanika karanga. Kijana mmoja wa Ng'ambo ya hapa Tabora, mtaa huu huu wetu wa mafundi na wachuuzi, alileta kazi kuhusu lugha ya wafanyabiashara wa kwao. Ndani yake upepo wa bahari ulivuma na samaki walishushwa ufukweni. Mashine ilikuwa imeshika Ng'ambo ya Unguja, na mwenye kazi hakusoma alichopewa. Dk. Khole hakumshtaki. Alimwambia aende nyumbani, na akimaliza kuogelea arudi na sauti za watu. Alirudi na mazungumzo ya washona viatu na wauza vyuma chakavu, na kazi yake ikawa bora kuliko zote mwaka ule.

Si kila kesi ilichekesha. Walimu tulizidiwa, na chuo kikaleta programu ya kubaini kazi zilizoandikwa na mashine. Aliyeisimamia ni Mwalimu Parvez Tajdin, mkuu wa kitengo cha kompyuta, na nia yake ilikuwa njema. Programu ilitoa asilimia. Asilimia ikipanda, mwanafunzi aliitwa mbele ya kamati ya nidhamu, namba ikasomwa, shauri likafungwa.

Ndipo akaletwa Recheli Masolwa, mwanafunzi wa mwaka wa tatu kutoka Urambo. Programu ilidai karibu kazi yake yote ni ya mashine, na adhabu yake ilikuwa kufukuzwa chuo. Mimi nilikuwa katibu wa kikao. Dk. Khole aliomba kwamba kabla ya uamuzi binti asikilizwe, kisha akamtaka aeleze jinsi tumbaku inavyokaushwa katika bani, lile banda la moto la wakulima. Wajumbe walitazamana. Mmoja alitazama saa.

Recheli alieleza. Kila jambo alilitaja, akalirudia kwa maneno mengine, kisha akasema mtu afanye nini. Akaenda jambo la pili kwa mtindo ule ule, na la tatu. Ndivyo kazi yake ilivyoandikwa, aya kwa aya. Dk. Khole akamuuliza amejifunzia wapi.

"Kwenye mikutano ya chama cha msingi cha wakulima, Dokta," alijibu. "Baba ni katibu. Jambo unalirudia ili wazee wapate kutafsiriwa Kinyamwezi, na waliochelewa nao wasikie. Matangazo nilikuwa namsomea mimi, tangu niko darasa la saba."

Programu ilikuta mpangilio usiobadilika, ikadhani ni mashine. Hata hivyo Dk. Khole hakuridhika na hilo peke yake. Alimhoji juu ya kazi yenyewe, hoja na vyanzo vyake, tena bila kumwonea huruma, na Recheli alijibu yote. Shauri likafutwa. Leo Recheli anafundisha sekondari huko huko Urambo.

Wengi wangeridhika na hapo. Yeye ndiyo kwanza alikunja mikono ya baibui. Aliandika pendekezo la kanuni: mwanafunzi asihukumiwe wala asisafishwe kwa namba ya programu peke yake, asikilizwe kwanza juu ya kazi yake. Mwalimu Parvez alipinga waziwazi. "Mama, binti mmoja hatoshi kuwa kanuni," alisema. "Wadanganyifu watakuja na ndimi tamu, na sisi tutawahurumia." Hoja ikaahirishwa, ikarudi, ikaahirishwa tena. Ilinikera zaidi kusikia minong'ono kwamba tusubiri tu, bibi anakaribia kustaafu na kanuni yake itaondoka naye.

Mwaka jana mambo yaligeuka, tena nyumbani kwake mwenyewe. Muadh, mtoto wa mdogo wake wa kiume, Bader, ni mwanafunzi wetu. Kazi yake ya kuhitimu ilipita kwenye programu bila doa, lakini mwalimu wake, Eliya Ngollo, aliingiwa na shaka. Alimwendea Dk. Khole faraghani, nadhani akitarajia kuambiwa aliache jambo hilo. Aliambiwa amsikilize kijana kama wengine, na kwamba shangazi asiwe chumbani. Muadh hakuweza kueleza hata ukurasa wake wa kwanza. Alikiri kwamba mashine moja iliandika, na nyingine ikabadilisha maneno ili isijulikane. Akatakiwa kurudia, na kuhitimu kwake kukasogea mwaka mzima.

Ofisi zetu zimetenganishwa na ubao mwembamba, hivyo Bader alipokuja nilisikia bila kupenda.

"Dada, mashine yenu yenyewe imemsafisha. Wewe ndiye wa kumharibia mtoto?"

"Yule wa Urambo nilimsikiliza, Bader. Huyu wetu nimwache kwa sababu gani?"

Bader aliondoka bila kuaga. Idi iliyofuata Dk. Khole hakualikwa kwa ndugu yake. Alikuja kwangu, mimi Msukuma wa watu, akala pilau aliyopika mke wangu, na alikula kidogo sana. Niliumia kumtazama. Hakuwahi kusema kwamba anajuta.

Machi mwaka huu hoja ilirudi mezani. Safari hii aliyesimama ni Mwalimu Parvez. "Nilidhani kusikiliza ni huruma," alisema. "Kumbe ndiyo mtihani wenyewe. Naunga mkono." Kanuni ikapita, na inatumika katika kila idara.

Wiki iliyopita Muadh alisimama tena mbele ya jopo, na shangazi yake hakuruhusiwa kukaribia. Alieleza kazi mpya mwanzo hadi mwisho. Mahali alipokwama alisema hajui, na mahali alipojua alitetea. Amefaulu. Mimi ndiye niliyempelekea Dk. Khole habari, nikamkuta akifunga vitabu. Alikaa juu ya boksi akalia bila kujificha. Kisha akajifuta kwa ncha ya mtandio, akaniuliza kama kweli walimbana, au walimwonea haya kwa sababu yake.

Walimbana, Dokta, na tutaendelea kuwabana hivyo hivyo watoto wa wenzetu na wa kwetu. Tunakushukuru kutoka moyoni. Tunakuombea afya, usingizi mnono wa asubuhi usio na kipindi cha saa moja, na miaka mingi yenye heri pamoja na ndugu zako wote.

Lugembe, Idara ya Lugha