Ndege Iliyopigwa Lakiri

Treni ya asubuhi ilikuwa nusu tupu, kwa hiyo sikuhitaji hata kutega sikio. Mzee mmoja alimwonyesha mama aliyeketi mbele yake picha gazetini. Ilikuwa ndege mpya ya kivita. "Inaipita sauti, mama!" alisema, utadhani ameiunda mwenyewe.

"Naijua. Mimi ni fundi mkuu wa ndege jeshini, nimo kwenye jopo la kuichagua. Injini yake imepigwa lakiri. Ikiharibika tusiiguse, tumngoje fundi wa muuzaji."

"Si ndiyo dhamana hiyo?"

"Dhamana gani, mzee wangu? Wewe ukinunua nyumba, funguo unamwachia aliyekuuzia? Siku tukikosana naye tutabaki kuipangusa vumbi."

Mzee akakunja gazeti. Alionekana kukasirika kwa niaba ya ndege. "Lakini wakubwa maji wameshayavulia nguo."

"Basi wayaoge wao. Mimi sijavua hata viatu. Bila saini ya fundi hainunuliwi, na leo wananiita mara ya tatu."

"Watakufukuza kazi!"

Treni ikasimama kituo cha makao makuu ya jeshi. Mama akainuka, akachomoa kalamu mfukoni, akampa mzee.

"Chukua. Huko niendako siihitaji."