Doreen Ackroyd Anaiweka Besi Chini

Jumamosi hii, tarehe 14 Juni 2025, Doreen Ackroyd anastaafu baada ya miaka arobaini na saba na miezi minane ya kupiga gitaa la besi katika Chipsi Baridi, bendi ya panki, ule muziki wa kelele na hasira, hapa Huddersfield. Mimi ni mjukuu wake. Nimepewa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu katika familia yetu mimi ndiye msomaji wa vitabu.

Alijiunga Oktoba 1977, akiwa na miaka kumi na tisa na kibarua katika kiwanda cha sufu. Hakujua kupiga. Alipaka rangi ya kucha kwenye shingo ya gitaa ili vidole vijue pa kushuka, na wiki ya tatu akapanda jukwaani. Siku hizo mashabiki wa panki walikupongeza kwa kukutemea mate. Mengi yalimwangukia Doreen, na Nevil Sugden, mpiga gitaa la solo, hakuficha wivu wake.

"Mbona mimi wananiacha mkavu?" alilalamika garini.

"Piga vizuri, Nev, nawe utalowa."

Mwaka 1978 walirekodi santuri yao ya kwanza kwa siku moja tu. Katika wimbo wa kwanza Doreen aliingia mapema, mapigo mawili kabla ya ngoma, na muda wa kurudia haukuwapo. Akaona heri aendelee hivyo hivyo mpaka mwisho wa santuri. Kumbe kosa lile ndilo lililowatia watu wazimu. Bendi changa kutoka Leeds hadi London zikaanza kuingiza besi mapema, zikaonekana kwenye televisheni, huku Chipsi Baridi wakizunguka na gari kuukuu la mkate.

"Wameiba kosa langu wakanunulia nyumba," Bibi husema mpaka leo, na hacheki.

Mimi nimejifunza kosa hilo kwa miaka mitatu, chumbani, mlango umefungwa. Nimehesabu mapigo kwenye daftari. Naweza kukosea sawasawa na Bibi katika nyimbo zote kumi na moja za santuri ile. Niliitaka nafasi yake kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, ingawa sikumwambia mtu. Mwezi Machi alituita jikoni kwake, mimi na binamu yangu Keeley, akatusikiliza kwa zamu. Keeley huchelewa, huruka mistari, na siku hiyo alisahau hata waya wa gitaa nyumbani. Bibi akampa yeye nafasi.

"Lakini Bibi, mimi sikuacha hata pigo moja," nikasema.

"Najua, kipenzi. Umepiga makosa yangu yote. Huyu ana ya kwake."

"Usininunie bwana," Keeley akaniambia. "Hata mimi sijui nimefanyaje."

Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Doreen anatuachia santuri sita, maonyesho zaidi ya elfu mbili, na jino moja lililobaki Bradford. Hajawahi kuahirisha onyesho, hata wiki aliyomzika babu.

Asante, Bibi, kwa kelele zote. Sasa lala mpaka saa nne asubuhi, unywe chai yako ikiwa bado ya moto. Jumamosi nitasimama safu ya mbele nimtazame Keeley, na wivu wangu nitakuwa nao. Huo angalau ni wangu mwenyewe. Sikuunakili kwenye santuri ya mtu.