Chupa Sitini na Moja za Bi. Brigita

Baada ya miaka thelathini na minne ya kuchota maji ya mito kwa niaba yetu sote, Bi. Brigita Ambrosi, fundi sanifu wa maabara yetu ya maji hapa Kilwa Masoko, anastaafu tarehe 30 Juni. Kamati ya sherehe imeniomba niandike maneno ya kufurahisha. Nitajaribu.

Mzaliwa huyu wa Rondo alikosa safari ya kuchukua sampuli mara mbili tu katika utumishi wake wote, na mara zote mbili alikuwa anajifungua. Ndiye aliyewahi kukataa kusaini kwamba kisima fulani ni salama huku mgeni rasmi akiwa ameshashika mkasi wa kukatia utepe. Utepe ulisubiri wiki tatu. Hakuna aliyeugua.

Lakini kazi itakayobaki na jina lake ni ile ya unga mweusi.

Miaka tisa iliyopita, mvua za vuli zilipoanza, alichota maji chini ya daraja la barabara kuu, upande wa Miteja, akakuta vipande vyeusi vidogo kuliko punje ya ufuta. Akapanda na mto hadi ng'ambo ya juu ya daraja, maji yanakotoka, akachota tena. Hakukuta kitu. Mwenye akili yoyote angeuliza barabara imeingiza nini mtoni. Fomu yetu haiulizi. Fomu yetu ina visanduku vinne: mchanga, matope, majani, masizi. Akaagizwa aweke alama kwenye masizi.

Akakataa. Masizi ukiyasugua yanapaka kidole. Vipande vile ukivibana kwa sindano vinabonyea, ukiachia vinarudi. Ni mpira. Kila lori linalofunga breki kwenye matuta ya Somanga linaacha kiasi cha tairi lake barabarani. Tairi kipara halikupotelea hewani, lilisagika. Mvua inaufagia unga huo hadi mtaroni, mtaro unaumwaga kijitoni, kijito kinaupeleka mtoni, na mto unaushusha kwenye mikoko ambako akina mama wanaokota chaza. Kuna ugumu gani hapo? Dereva wetu Yahya alilielewa kabla gari halijafika Nangurukuru, na tangu siku hiyo akamwita Mama Tairi.

Wakuu wenye shahada zao hawakulielewa. Waliandika kwamba vipande vile vimetoka kwenye katambuga za Bi. Brigita, yale makubazi ya tairi anayoingia nayo majini. Na hapa lazima niseme kweli: hata ndoo yetu tulikuwa tumeifunga kwa mpira wa tyubu. Tuliifunga sisi wenyewe, ofisi nzima, kwa sababu kamba ya tyubu haikatiki. Tulikuwa tunatafuta mpira mtoni kwa ndoo inayoning'inia kwenye mpira, na hakuna aliyeshtuka.

Bi. Brigita hakubishana na mtu. Alivua katambuga, akafunga ndoo ya bati kwa kamba ya katani, akaanza upya, miguu peku. Matokeo yakawa yale yale. Akayaandika, akayatuma. Huu ni mwaka wa nane, jibu halijaja.

Kwa hiyo akawa anahifadhi. Kabati lake lilijaa chupa sitini na moja za kioo, kila moja na tarehe yake, mahali pake na mvua ya siku hiyo. Alikuwa akituambia kwamba hata akiondoka kabla fomu haijabadilishwa, chupa zitabaki kuwa shahidi.

Yakaja makabidhiano. Kanuni inataka chupa zirudi stoo zikiwa tupu na safi, vinginevyo mstaafu haruhusiwi kuondoka. Mtunza stoo wetu Severini, mtu mwema kabisa, alimweleza kwa heshima zote: "Mama, mimi nilikukabidhi chupa. Sikukukabidhi maji." Niliandika barua tatu kuomba chupa zile ziachwe. Nilijibiwa mara tatu kwamba chupa ni mali ya umma. Mto, inaelekea, hauna mwenyewe.

Jumatatu iliyopita tulimkuta amekaa mbele ya karai, anachuja. Chupa moja, karatasi moja ya chujio, kisha nyingine. Siku nne. Yahya alizianika karatasi hizo za duara dirishani huku akimtania kwamba sasa amefungua duka la vitumbua. Siku ya nne Severini alifika akinung'unika kwamba hii si kazi ya stoo, akakunja mikono ya shati, akaosha chupa zote. Kisha akarudi mezani kwake, akazihesabu: sitini na moja, tupu, safi. Akasaini.

Karatasi zenyewe, kila moja na doa lake jeusi katikati, tumezibandika kwa tarehe ndani ya ukumbi wa sherehe, kwenye ukuta unaotazamana na meza kuu. Wakuu watakuwa nazo usoni muda wote wa hotuba, na hotuba za hapa kwetu ni ndefu.

Asante, Bi. Brigita, kwa kutufundisha kuvua viatu kabla ya kuulaumu mto. Nenda Rondo salama. Ufuta wako ustawi, magoti yapumzike, wajukuu wakuchoshe kwa furaha. Sisi tunabaki na ndoo yako ya bati, na ile fomu. Nimechukua rula, nimechora kisanduku cha tano. Kinaitwa tairi.