Mipaka Iliyopita Juu ya Ploti Yetu

Sogeeni, wanangu, sauti yangu haifiki mbali tena. Gathoni, niinue kidogo. Mbuthia, kama huwezi kuketi chumba kimoja na dada yako, simama hapo hapo mlangoni, lakini usiondoke. Leo mimi mama yenu, Waruguru, sisemi Gikuyu, kwa sababu mjukuu wangu Lavender hakielewi, na haya yanamhusu yeye kuliko sisi sote.

Nilipozaliwa hapa Kawangware, hapakuwa Nairobi. Palikuwa Kiambu. Nairobi ilikuwa ng'ambo ya kijito, na baba yangu akienda kuwauzia Wazungu maziwa alivuka na kipande shingoni, ile hati ya ruhusa. Siku akikisahau, alilala ndani. Shamba letu na la jirani lilitenganishwa na maua ya itoka, na aliyeng'oa itoka ya mwenzake aliogopwa kama mchawi. Kisha ukaja uhuru, wakubwa wakainamia ramani zao, wakausogeza mpaka wa jiji ukatupita. Nililala mtu wa Kiambu nikaamka mtu wa Nairobi, na sikuwa nimehamisha hata chungu. Ndugu wa baba yangu, shamba lake lilikuwa bondeni, likakatwa katikati. Ofisi ya huku ikamtuma kule, ya kule ikamrudisha huku, hadi akafa akiwa njiani. Nililia. Marehemu Waithaka, baba yenu, akaniambia, "Nyamaza, mama. Mpaka ni mchoro tu, mvua haiusomi." Itoka zikang'olewa, bikoni za kupimia mpaka zikapigwa, shamba likawa ploti, ploti ikaota vyumba vya mabati, na vyumba vikajaa watu wa kila pembe. Mwaka jana walitukata tena, wakasema sasa sisi na Kibera tu wilaya moja. Wilaya moja! Na tazama tulivyoumaliza mwaka huo.

Sikilizeni. Shiundu, mpangaji wetu wa chumba cha kona, ndiye aliyembeba baba yenu mgongoni hadi barabarani alipozidiwa, wakati watu wa damu yake walikuwa wanatafuta viatu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kura zilipotangazwa, vijana wakapanga mawe barabarani, wakasema upande huu ni wetu, na Shiundu akaamriwa arudi kwao. Alikuja hapa kitandani akaniuliza, "Mama, kwetu ni wapi?" Akaondoka na godoro kichwani, na leo chumba chake kina kufuli lako, Mbuthia.

Usiiname. Bado sijafika.

Kule Kibera nako wakapanga mawe yao. Gathoni alikuwa ameolewa huko na Amolo, na majirani waliokuwa wakiomba chumvi kwake wakaanza kumwita adui. Amolo angeweza kumwacha aende peke yake. Hakumwacha. Alimfunika leso, akamshika Lavender mkono, akawapitisha nyuma ya mtaa wa Nyayo Highrise, mchana, watu wakimtukana kwa lugha yake mwenyewe, akawaleta hadi kwetu, kwa shemeji yake, kwa sababu aliamini damu ni nzito kuliko maji.

Pale kwenye mawe ya vijana wa huku kwetu, Mbuthia akiwa amesimama nao, wakamwambia, "Toa kitambulisho, budaa." Wakasoma jina. Mmoja akamwuliza Mbuthia, "Huyu ni wenu?" Na wewe, mwanangu niliyekunyonyesha, wewe uliyekula mahari ya mtu yule, ukatazama chini ukasema, "Simjui."

Gathoni, usilie, nimalize, pumzi ni fupi.

Walimkata hapo hapo, mtoto akiona. Akapelekwa kuzikwa kwao Siaya, na mkewe hakutupa hata konzi ya udongo, maana barabara ilifungwa, na huko nako angeulizwa kitambulisho. Juzi redio ilisema wakubwa wameshikana mikono. Wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Wao wanavuna. Amolo analiwa na mchwa.

Basi shikeni wosia wangu. Ploti hii, upande wa barabara ni wa Gathoni na Lavender. Upande wa ndani ni wako, Mbuthia. Chumba cha kona kifunguliwe, Shiundu arudi akitaka. Nasema haya nikijua kwamba sitafika kaburini kabla vijana hawajasema mtoto wa Mjaluo harithi hapa, na wewe utatazama chini kama ulivyotazama. Najua. Lakini nimesema, na Lavender amesikia.

Msinizike hapa wala kwa baba yenu. Nipelekeni Lang'ata, makaburi ya watu wote, ili Gathoni aweze kunifikia bila kupita kwenye mawe ya mtu yeyote. Watu watasema mwenye shamba amezikwa kama maskini. Waacheni waseme.

Njoo, Lavender. Lete kifua chako nikutemee mate ya baraka kama mama yangu alivyonitemea. Thaai, yaani amani. Mungu akupe... akupe pa kukaa, wasikuulize jina. Haya. Na wewe, Gathoni. Thaai.

Mbuthia. Njoo nawe. Wewe ni mwanangu, siwezi kukuzaa upya wala kukutupa. Sogea... mbona husogei? Mkono haufiki huko, baba. Gathoni, nipe maji... nilitaka kumtemea na yeye... mdomo... mdomo umekauka.