Maji Yaliyo Mlimani

Macho hayana pazia, na masikio ndiyo kabisa. Ndani ya basi, mshonaji alijifanya amesinzia, ila hakuna neno la kiti cha mbele lililompita.

"Mama, tenki la mlimani si la kufulia," fundi wa umeme wa kijiji alikuwa akisema kwa upole. "Jua likiwaka, pampu inapandisha maji. Likijificha, tunayateremsha yazungushe mashine, taa ziwake. Yale maji ni mchana tuliouweka akiba."

"Basi mchana wenu umenitakatishia shuka, mwanangu," alijibu mkunga wa zahanati, furushi la shuka mapajani.

Cherehani ya umeme ya mshonaji ilikuwa imelala tangu mawingu yatande. Nusura amuunge mkono fundi, akakumbuka kuwa amesinzia.

"Na friji ya chanjo je, mama? Si iko zahanati kwako hukohuko?"

Mkunga alilipapasa furushi lake. "Kisima chetu kimebaki tope. Uchungu haungoji jua, baba. Taa ikizimika, nitazalisha kwa kupapasa. Maji yakikosekana, mtoto nimwoshe kwa nini?"

"Ungeniambia, ningekufungulia kidogo."

"Kidogo cha ndoo ngapi?"

Basi likasimama, abiria wakainuka na mizigo yao.

Mshonaji alibaki kitini kidogo. Binti yake alikuwa akihesabu siku za kujifungua. Alizitazama zile shuka safi zikishuka, kisha mawingu dirishani, asijue amwombe Mungu jua au mvua.